LITA MOJA YA DIZELI: JENERETA NA MAGARI YA UMEME KATIKA KAZI YA USHIRIKA

(Hotuba ya Katibu wa Chama Kikuu, iliyosomwa Dodoma mbele ya Mkutano Mkuu wa kuadhimisha miaka 10 ya Chama)



Wenzetu waliotutangulia kusema wamekwisha kueleza habari za miaka 10 ya Chama chetu, na hatuna haja ya kurudia yaliyosemwa vizuri. Sisi wa ofisi ya Katibu tumepewa kazi ndogo zaidi, ila ni kazi yenye ubishi mwingi. Katika mkutano wa mwaka jana lilitolewa pendekezo kwamba Chama kinunue maguta 10 ya umeme ya kubebea alizeti na zabibu kutoka vyama vya msingi hadi ghalani. Papo hapo mzee wetu mmoja akasimama akauliza: “Katibu, mwanangu, umeme ukikatika hapa ghalani mnawasha jenereta ya dizeli. Sasa mnataka kununua magari yasiyokunywa mafuta, kisha myanyweshe umeme uliotoka katika mafuta yale yale. Je, huko si kuhamisha maji kutoka mtungi huu kwenda mtungi ule, huku mengine yakimwagika njiani?”

Watu walicheka sana, lakini swali lenyewe halikuwa la mchezo. Kila lita ya mafuta inayochomwa na Chama hulipwa na mkulima, kwa kukatwa senti chache katika kila kilo anayoileta. Mkulima wa Hombolo aliyeamka alfajiri kuchuma zabibu ndiye anayenunua dizeli yetu, ijapokuwa hakuiona wala kuinusa. Leo alasiri mtapiga kura juu ya pendekezo hilo, nayo fedha itakayotumika ni akiba mliyoiweka kwa miaka 10. Basi yatupasa kulijibu swali la mzee kwa hesabu, wala si kwa maneno matamu.

Kwanza tukubaliane juu ya kipimo. Umeme hupimwa kwa uniti, zile zile ambazo kila mmoja wetu huzinunua kwa Luku. Uniti moja ni kazi ya kilowati moja kwa muda wa saa moja. Dizeli nayo ina nguvu ndani yake, na wataalamu wameipima: lita moja ikiungua yote hutoa joto la kiasi cha uniti 10. Kama tungeweza kuligeuza joto lote kuwa mwendo, maneno yangekwisha hapo. Lakini hapana mashine ya namna hiyo duniani. Sehemu kubwa ya joto hutoka kwa bomba la moshi, nyingine huchukuliwa na maji ya rejeta, na nyingine huliwa na misuguano ya vyuma. Kwa hiyo swali la haki ni hili: katika zile uniti 10, ni ngapi zinazofika kwenye gurudumu kumsogeza mkulima na mzigo wake?

Tuifuate lita hiyo katika njia mbili. Njia ya kwanza ni ile tuliyoizoea, ya kuimimina ndani ya tangi la gari la dizeli. Injini nzuri inayokwenda mwendo mmoja katika barabara kuu yaweza kutoa uniti 3 na nusu, hata kukaribia 4, kwa kila lita. Lakini ni mara ngapi magari yetu huenda mwendo mmoja? Husimama kila kituo kupakia magunia, hunguruma bure yakingoja mizani, hupanda vilima kwa gia ndogo, hushika breki kila penye korongo. Katika kazi ya namna hiyo, kinachofika kwenye magurudumu hakizidi sana uniti 2 au 2 na nusu. Na kila mara dereva anapokanyaga breki, mwendo alioulipia kwa mafuta hugeuka kuwa joto la breki na kupotea hewani.

Njia ya pili ni kuimimina lita ile ile katika jenereta, kisha umeme wake uchaji betri ya gari. Jenereta nzuri iliyopewa kazi ya kuitosha hutoa uniti 3 hadi 3 na nusu kwa lita. Chaja na betri hula sehemu yake, yapata uniti 1 katika kila 8; na kama betri ni zile za asidi za bei rahisi, hasara huzidi hapo. Mota na gia nazo huchukua kidogo. Mwisho wa yote, hufika magurudumuni uniti 2 na nusu hivi. Juu ya hayo, gari la umeme lina tabia moja njema: likishuka mlima au likipunguza mwendo, mota yake yaweza kugeuka ikawa jenereta ndogo na kurudisha umeme ndani ya betri. Na likisimama kungoja mizani, halinguruma wala halili kitu.

Kwa hiyo, ndugu wanachama, ni kweli kwamba maji humwagika tunapohamisha kutoka mtungi hadi mtungi. Lakini mtungi wa zamani nao ulikuwa ukivuja muda wote, ila tulikwisha kuuzoea. Hesabu ya awali yaonyesha kwamba njia hizi mbili hukaribiana sana. Anayesema kwamba gari la umeme lililochajiwa kwa jenereta ya dizeli ni upuuzi mtupu hajapima. Na anayesema kwamba kwa njia hiyo tutaokoa mafuta mengi bila kujali lolote, naye hajapima.

Wako watu waliolipima jambo hili kwa vitendo. Mwaka 2018, mhandisi mmoja mstaafu wa Australia, Jon Edwards, aliulizwa swali kama lile la mzee wetu. Katika nchi ile liko tambarare kubwa kavu liitwalo Nullarbor, ambako nyumba moja iko mbali sana na nyingine na gridi ya umeme haifiki. Yeye na wenzake walichukua jenereta ya dizeli na chaja kubwa, wakachaji magari 10 ya umeme mmoja baada ya jingine, huku wakipima mafuta. Zilitumika karibu lita 109 za dizeli, na magari yakapokea karibu uniti 368; yaani uniti 3 na theluthi kwa kila lita. Gari la umeme la kawaida lilitumia uniti zipatazo 19 kwa kilomita 100 katika barabara ile, kwa hiyo hesabu ilitoka chini kidogo ya lita 6 za dizeli kwa kilomita 100. Hicho ndicho kiasi ambacho gari la dizeli la ukubwa kama huo lingekunywa.

Wala hatuna haja ya kwenda Australia kuona mafuta yakigeuzwa umeme na umeme ukigeuzwa mwendo. Reli ya Kati ilifika hapa Dodoma mwaka 1910, wakati huo treni zikivutwa kwa mvuke. Baadaye vikaja vichwa vya dizeli. Wengi hudhani kwamba injini ya dizeli ya treni huzungusha magurudumu moja kwa moja, kama injini ya lori. Katika vichwa vikubwa vya treni, kwa kawaida sivyo ilivyo. Injini huzungusha jenereta iliyomo humo humo, na umeme wake ndio unaoendesha mota zilizofungwa kwenye ekseli. Wahandisi walikubali hasara ya kuhamisha nguvu mara mbili kwa sababu mbili: mota ya umeme ina nguvu nyingi ya kuanza kuvuta mzigo uliosimama, na injini huachwa izunguke kwa kasi inayoifaa badala ya kufuata kila badiliko la njia. Vizazi vya wafanyabiashara wa karanga na ng’ombe wa Dodoma wamesafirishiwa mali zao kwa magurudumu ya umeme wa dizeli bila kujua.

Sasa mwangalie kilichofuata. Treni mpya ya reli ya kisasa, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwezi Julai 2024 na kuzinduliwa rasmi tarehe 1 Agosti mwaka huo, nayo huvutwa kwa mota za umeme. Lakini jenereta imeondolewa juu ya treni. Umeme wa volti 25,000 hushuka kutoka kwenye waya zilizo juu ya njia, nao hutoka katika gridi ya Taifa. Mota zilibaki, kilichobadilika ni chanzo cha umeme. Hilo ni somo kubwa kwetu. Anayenunua kichwa cha dizeli hujifunga kwa dizeli kwa maisha yote ya kichwa hicho. Anayenunua mota na betri huweza kuanza na jenereta, akahamia gridi, akahamia jua, asibadilishe gari. Nchi ya Ethiopia ilipozuia uingizaji wa magari madogo ya petroli na dizeli mwaka 2024, hoja yake ilikuwa ya namna hiyo: mafuta yote hununuliwa nje kwa fedha za kigeni, na umeme wake mwingi hutoka katika maji ya mito yake.

Hata hivyo, hatujafika kwenye kiini cha jambo. Tulisema “jenereta iliyopewa kazi ya kuitosha”, na maneno hayo machache ndiyo yenye faida yote au hasara yote. Tafadhalini mtusikilize vizuri hapa.

Jenereta ni kama lori la tani 7. Lori hilo likibeba gunia moja tu kutoka Kongwa hadi Dodoma, halili mafuta ya gunia moja, bali hula karibu mafuta ya safari nzima. Jenereta nayo ikiwashwa tu, kabla haijafanya kazi yoyote, tayari inakunywa kwa ajili ya kuzungusha vyuma vyake. Tuchukue jenereta ya kilowati 60, kama ile ya kuendeshea mashine ya kukamua alizeti. Majedwali ya kawaida ya jenereta za ukubwa huo husema hivi: ikifanya kazi robo ya uwezo wake hula lita 7 hivi kwa saa, ikifanya nusu, lita 11, ikifanya robo tatu, lita 14 na nusu, na ikifanya kazi yote, lita 18. Gawanyeni uniti kwa lita nanyi mtaona. Kwa robo tunapata uniti 2 na kidogo kwa lita, kwa nusu 2 na robo tatu, kwa robo tatu 3, kwa kazi yote 3 na theluthi. Mafuta ni yale yale na jenereta ni ile ile. Tofauti ni kiasi cha kazi iliyopewa.

Lakini ndani ya majedwali hayo imefichwa hesabu nyingine, nayo ndiyo tunayoomba muende nayo nyumbani. Jenereta inayofanya nusu ya uwezo wake ikiongezewa kazi hadi robo tatu, hutoa uniti 15 zaidi kila saa. Je, huongeza mafuta kiasi gani? Kutoka lita 11 hadi 14 na nusu, yaani lita 3 na nusu tu. Maana yake, kila lita ya nyongeza imetoa uniti zaidi ya 4. Gharama ya kuzungusha vyuma vyenyewe imekwisha kulipwa na kazi ya kwanza, na mzigo wa pili umedandia.

Sasa tuyalete maguta yetu mbele ya hesabu hii. Guta la umeme la kubeba mazao, likichajiwa kwa kilowati 2 kwa muda wa saa 4, huchukua uniti 8. Baada ya hasara ya chaja, hubaki uniti 7 ndani ya betri, nazo zaweza kulipeleka na mzigo wake yapata kilomita 80. Guta la petroli kwa kazi hiyo hiyo hunywa lita 3 hadi 4. Kwa maguta 10 ni lita 30 hadi 40. Shikeni hiyo ndiyo pishi yetu ya kupimia.

Namna ya kwanza: umeme umekatika usiku, dereva mmoja anawasha jenereta ya kilowati 60 achaji guta lake peke yake. Jenereta hiyo, kwa kazi ndogo namna hiyo, haili chini ya lita 3 kwa saa. Kwa saa 4 ni lita 12, kwa guta moja. Kama kila dereva akifanya hivyo kwa zamu yake, maguta 10 yatakuwa yamekula lita 120. Hapo mzee wetu ana haki kabisa, na hata alituhurumia aliposema maji humwagika, kwa maana mtungi wenyewe utakuwa umepasuka.

Namna ya pili: maguta yote 10 yachajiwe pamoja, jenereta ikiwa haina kazi nyingine. Hapo mzigo ni kilowati 20, theluthi moja ya uwezo. Mafuta ni lita 8 na kidogo kwa saa, yaani lita 33 kwa saa 4. Tuko sawasawa na petroli, hatukupata wala hatukupoteza.

Namna ya tatu: maguta yote 10 yachajiwe wakati mashine ya alizeti inakamua, jenereta ikiwa tayari inabeba kilowati 30. Mzigo wote sasa ni kilowati 50. Mafuta yaliyoongezeka kwa ajili ya maguta ni chini ya lita 5 kwa saa, yaani karibu lita 19 kwa saa 4. Kila guta limekula chini ya lita 2. Hiyo ni nusu ya petroli, au zaidi kidogo ya nusu.

Kwa hiyo jibu la swali la mzee, Ndugu Mwenyekiti, ni hili: magari yale yale, jenereta ile ile na dizeli ile ile yaweza kula lita 120, au 33, au 19, kwa safari zile zile. Kinachoamua ni saa tuliyochagua kuyachaji na kazi nyingine iliyokuwapo saa hiyo.

Tena liko jambo la afya ya jenereta yenyewe. Mafundi watawaambieni kwamba injini ya dizeli inayozungushwa muda mrefu bila kazi ya kutosha haipati joto linaloifaa. Mafuta hayaungui yote. Masizi meusi na mafuta mabichi huganda katika bomba la moshi na kwenye vali, na mwisho injini hupoteza nguvu. Kwa kawaida pia hutakiwa kubadilishwa oili kila baada ya saa 250 hivi za kazi, na saa iliyotumika kuchaji guta moja huhesabiwa sawa na saa iliyotumika kukamua tani ya alizeti. Nyanda zetu, zilizo mita zipatazo 1,100 juu ya bahari na zenye joto la mchana, hupunguza kidogo nguvu ya injini, kwa kuwa hewa ni nyepesi. Kwa sababu hiyo si vema pia kuisukuma hadi mwisho wa uwezo wake. Kilowati 50 katika 60 ni mzigo wa busara.

Baada ya lita, natusemee shilingi. Bei za mafuta hubadilika kila mwezi, nasi hatutaki mtu ashike leo bei ya kesho. Basi tuchukue Sh. 3,000 kwa lita kwa ajili ya hesabu tu, na Sh. 350 kwa uniti ya gridi, kodi ikiwa ndani. Kulijaza guta moja kwa namna ya kwanza kutagharimu Sh. 36,000. Kwa namna ya pili, Sh. 10,000 hivi. Kwa namna ya tatu, kiasi cha Sh. 5,700. Kwa gridi, uniti 8 ni Sh. 2,800. Mwaona wenyewe kwamba hata jenereta ikitumiwa kwa akili zake zote, gridi huishinda kwa nusu. Na gridi yetu imepata nguvu mpya: Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji lina mitambo 9, kila mmoja megawati 235, jumla megawati 2,115, mtambo wa kwanza uliingizwa kazini Februari 2024, na yote ikakamilika mwaka 2025. Nguzo zimefika vijijini, na kazi sasa imehamia vitongojini. Kwa hiyo jenereta si shamba letu la kudumu. Ni akiba ya njaa, nayo akiba ya njaa hailiwi wakati wa mavuno.

Na juu ya vichwa vyetu liko jua. Hatuna haja ya kuwasifia jua watu wa Dodoma, ambao hulikimbia tangu Mei hadi Novemba bila wingu la kuwasitiri. Kila kilowati moja ya paneli katika nchi kama hii yaweza kutoa uniti 4 hadi 5 kwa siku. Paneli za kilowati 6 juu ya paa la ghala zingejaza maguta 3 kila siku ya kiangazi. Na saa za jua kali, tangu saa 5 asubuhi hadi saa 9 alasiri, ndizo saa ambazo zabibu hazifai kubebwa, kwa maana huharibika kwa joto. Zabibu hubebwa alfajiri na jioni, na mchana maguta hukaa kivulini. Saa hizo ndizo mashine ya alizeti hukamua, na ndizo jua hujaa. Hayo yamekutana bila sisi kuyapanga, basi tusiyatenganishe kwa uzembe.

Ndugu wanachama, nchi hii yetu iliwahi kufundishwa somo la mashine zilizotangulia vipimo. Wazee wa Kongwa walisimuliwa na baba zao habari za mradi wa karanga, ulioanzishwa na Serikali ya Uingereza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951. Matrekta yaliletwa kwa wingi, na mafuta, na mafundi. Lakini mvua ya nchi haikuwa imejulikana vema, wala udongo ule ambao wakati wa kiangazi hukauka ukawa kama saruji na kuvunja majembe. Pauni zipatazo milioni 36 zilipotea. Hapana aliyeweza kusema kwamba trekta ni kitu kibaya. Kilichokosekana ni mtu wa kupima kabla ya kununua, na kuandika baada ya kununua. Serikali ya Uingereza iliweza kustahimili hasara hiyo. Chama chetu, chenye akiba ya senti zilizokatwa katika kila kilo, hakiwezi.

Kwa hiyo Halmashauri inaleta mbele yenu pendekezo lenye masharti manne, nasi twayasoma ili yaandikwe katika kijitabu hiki na yeyote aweze kutushitaki kwayo.

Sharti la kwanza: yanunuliwe maguta 3 kwanza, wala si 10, nayo yawe na betri za lithiamu. Yafanye kazi msimu mmoja wa alizeti na misimu miwili ya zabibu. Mkutano huu ndio utakaoamua juu ya yale 7 yaliyobaki, baada ya kuona hesabu. Kwa kuwa 3 hayatoshi kuwa mzigo wa jenereta peke yake, sharti lifuatalo ni lazima.

Sharti la pili: guta lisichajiwe kwa jenereta isipokuwa mashine ya kukamua iko kazini. Umeme ukikatika usiku na mashine imelala, guta nalo lilale. Ikiwa kuna zabibu zinazongoja, gari la zamani la dizeli litumike, kwa maana lita zake chache ni bora kuliko lita 12 za jenereta tupu.

Sharti la tatu: chaji ya kawaida iwe ya gridi, na fedha ya kwanza itakayookolewa katika mafuta iwekwe kando kwa ajili ya paneli za ghala. Jenereta ibaki ya tatu katika mstari.

Sharti la nne, nalo ndilo kubwa kuliko yote: liwekwe daftari karibu na jenereta, na mita yake ya umeme. Kila siku ziandikwe lita zilizoingia, saa zilizofanya kazi, uniti zilizotoka, na kilomita za kila guta. Kila mwezi karatasi ya hesabu hiyo ibandikwe mlangoni mwa ofisi ya kila chama cha msingi. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Lita ikipungua uniti 3, mwanachama yeyote, awe amesoma au hakusoma, aulize kwa nini, naye ajibiwe.

Wako watakaoona kwamba masharti haya ni mazito mno kwa ajili ya maguta 3. Sisi twaona kinyume chake. Miaka 10 iliyopita vyama vya msingi vilikubali kuungana kwa sababu kila kimoja peke yake kilikuwa kama guta moja lililochajiwa na jenereta kubwa: gharama za ghala, za mizani, za lori, za karani, zote ziliangukia mzigo mdogo, na mkulima akabaki na kidogo. Tulipoweka mizigo yetu pamoja, gharama ile ile iligawanywa juu ya magunia mengi. Hiyo ndiyo siri yote ya ushirika, nayo ndiyo siri ya lita ya dizeli. Jambo tulilolifanya kwa magunia twaweza kulifanya kwa umeme.

Tunawaomba basi mnapopiga kura msipige kwa kupenda vitu vipya, wala kwa kuviogopa. Pigeni kwa lita 120, 33 na 19. Kama mwaamini kwamba tunaweza kuyashika masharti manne kwa mwaka mzima, semeni ndiyo. Kama mwaona kwamba daftari litaachwa tupu baada ya mwezi wa pili, semeni hapana, na akiba yenu ikae salama benki hadi tutakapojifunza kuandika.

 Masanduku ya kura yako upande wa kulia, karibu na mizani.